Kabla ya samaki, fuga maji

Siku ya kwanza tangi la samaki linang'aa kama kabati la sonara. Siku ya nne maji yanageuka meupe, mithili ya maji yaliyooshea mchele. Wiki ya pili majani yanaanza kuyeyuka kama mchicha uliosahauliwa kwenye mfuko, vioo vinaota utando wa kahawia, na samaki wamepanda juu wanatweta kana kwamba wamekimbizwa. Wiki ya tatu wanaelea. Mwenye tangi anamwaga maji, anaapa kutorudia, na tangi linahamia stoo kuhifadhia viatu.

Tangi langu la kwanza lilipita njia hiyo bila kuruka kituo hata kimoja. Nilinunua kila kitu Jumamosi moja hapa Dar es Salaam: tangi, mchanga, taa, mimea na gapi kumi na wawili, wale samaki wadogo wenye mikia ya rangi. Jioni vyote vilikuwa majini na majirani wamekuja kutazama. Baada ya Jumamosi tatu nilikuwa na gapi watatu. Nililaumu samaki, nikalaumu maji ya bomba, nikalaumu joto. Kumbe samaki walikuwa wazima na mimea mizima. Kilichokosekana ni kiumbe ambaye hakuwemo kwenye orodha yangu ya manunuzi, kwa sababu haonekani kwa macho.

Choo kisicho na shimo

Uchafu mkuu wa samaki si ule uzi mweusi unaoning'inia nyuma yake. Ni amonia, na sehemu kubwa hutoka mashavuni kila anapopumua. Chakula kilichozama bila kuliwa hutoa amonia hiyo hiyo, na jani lililooza vilevile. Ziwani inapotea katika maji yasiyo na mwisho. Kwenye lita 50 haina pa kwenda. Tangi jipya ni nyumba iliyojengwa ikapakwa rangi, ikahamiwa na watu kumi na wawili, halafu choo chake hakina shimo.

Shimo lenyewe ni bakteria. Kundi la kwanza hula amonia na kuacha nitriti. Nitriti nayo ni sumu: huingia kwenye damu ya samaki, ikaigeuza rangi ya kahawia na kuizuia kubeba oksijeni, ndiyo maana unaweza kumwona samaki anatweta katika maji yenye hewa tele. Kundi la pili hula nitriti na kuacha nitrati. Hiyo samaki huivumilia vizuri isipozidi sana, na mimea huila.

Mkemia mmoja wa London, Robert Warington, aliwaeleza wanakemia wenzake mwaka 1850 jinsi alivyoishi na samaki wawili wa dhahabu ndani ya chombo cha kioo bila kubadilisha maji. Alipanda humo Vallisneria, mmea wa majani marefu kama ukili. Mwanzoni mambo yakamharibikia: majani ya zamani yakaoza, maji yakachafuka, utando ukapanda vioo. Akatia konokono, wakala uozo, na chombo kikatulia. Akahitimisha kwamba mmea unampa samaki oksijeni, samaki anaupa mmea hewa ukaa, na konokono anafagia. Alikuwa sahihi kwa alichokiona. Mwanawe, naye Robert Warington, alikwenda kufanya utafiti wa udongo katika kituo cha kilimo cha Rothamsted, na huko akaonyesha kwamba amonia hugeuka nitrati kwa hatua mbili, kila hatua na vijidudu vyake. Hakufanikiwa kuvitenga, aliyevitenga ni Sergei Winogradsky, Mrusi, karibu na mwaka 1890. Yaani baba alikuwa na tangi, na mtoto akaenda kukuta shambani kile kilichokuwa kikilisafisha. Hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2015 watafiti walitangaza kwamba wapo bakteria wa jamii ya Nitrospira wanaofanya hatua zote mbili peke yao, na baadhi yao walipatikana kwenye chujio la mfumo wa kufugia samaki.

Bakteria hawa wana tabia moja inayoeleza karibu kila msiba wa tangi jipya: hawana haraka. Bakteria wa kuozesha wakipata chakula wanaweza kugawanyika ndani ya nusu saa. Wa amonia huhitaji nusu siku, mara nyingi siku nzima au zaidi, kugawanyika mara moja. Yale maji ya mchele ya siku ya nne ni waozeshaji waliofumuka kwa mabilioni, huku wasafishaji bado wanahesabika. Ukungu huo huondoka wenyewe ukiachwa. Anayeingiwa na hofu akamwaga kila kitu, akaosha mchanga na kusugua sponji bombani, anarudi siku ya kwanza. Wasafishaji wengi hawaelei majini. Wamejishika kwenye sponji ya filta, kwenye punje za mchanga na juu ya majani.

Kwa hiyo wiki nne hadi sita za mwanzo unafuga hao, bila samaki hata mmoja. Unatia vipunje vya chakula cha samaki kwa ncha za vidole viwili, kila baada ya siku mbili, kana kwamba wenyewe wapo. Chakula kinaoza, amonia inatoka, bakteria wanapata riziki na kuongezeka. Kifaa cha matone cha kupimia maji kitakuonyesha amonia ikipanda na kushuka, kisha nitriti ikipanda na kushuka. Siku ambayo amonia na nitriti zote zitasoma sifuri huku ukiendelea kulisha, shimo la choo limechimbwa. Nikiambiwa nichague kati ya kununua kifaa hiki na kununua taa ya bei, nachukua kifaa.

Kuna jambo miongozo mingi hailisemi, pengine kwa kuwa imeandikwa kwenye nchi za baridi. Maji safi yaliyotulia wiki nne bila samaki, Dar es Salaam, ni wodi ya wazazi ya mbu. Nilipofuata ushauri wa kungoja, nilikuta viluwiluwi wanacheza juu ya mimea yangu kama wamelipa kodi. Ziba juu kwa wavu wa dirisha, na hakikisha filta inausukasuka uso wa maji, kwa sababu mbu wanapenda kutaga penye utulivu. Usizibe kwa kipande cha chandarua chenye dawa. Dawa hiyo ni sumu kali kwa samaki na zaidi kwa kamba.

Maji ya wapi?

Maji ya bomba yametiwa klorini, na klorini haijui kutofautisha bakteria wa kipindupindu na wale unaowalea wewe. Laza maji kwenye ndoo iliyo wazi siku nzima kabla ya kuyatumia, au tia matone ya kuondoa klorini yanayouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo. Kama mji wako unatumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, kulaza hakutoshi, tumia matone.

Maji ya kisima ni suala jingine. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi, na hata visivyo na chumvi mara nyingi vina chokaa. Kipimo cha kwanza kipo jikoni: tazama ndani ya birika la chai. Kama limejenga gamba jeupe, una maji magumu. Mimea kadhaa huyakubali, na gapi wanayafurahia. Maji unayoyaonja ukasikia chumvi ndiyo ya kuacha, maana mimea mingi itagoma.

Maji magumu kwa kawaida huwa na pH ya juu (kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni alkali), na hapo sumu ya amonia inabadilika sura. Amonia majini hukaa kwa namna mbili, moja hatari na nyingine isiyodhuru sana, na pH ndiyo inayogawa. Katika nyuzijoto 25, pH ikiwa 7, ile hatari haifiki asilimia 1 ya amonia yote. pH ikiwa 8 inapita asilimia 5. Ikiwa 8.5 inakaribia 15. Joto likiongezeka, inaongezeka tena. Ndiyo maana mtu wa Nairobi anayetumia maji laini anaweza kukiuka utaratibu wote huu na samaki wakapona, kisha akamshauri ndugu yake wa Dar mwenye kisima afanye vivyo hivyo, na ndugu akazika samaki wote. Wote wawili wanasema kweli walichokiona.

Dawa nafuu ya maji magumu ni mvua. Acha mvua ya kwanza ioshe paa, kinga zinazofuata, changanya nusu kwa nusu na ya kisima. Usitumie ya mvua peke yake. Karibu haina madini, na pH yake hupepesuka kwa jambo dogo.

Joto nalo ni la kutazamwa. Maji ya nyuzijoto 25 yanaweza kushika miligramu 8.3 hivi za oksijeni kwa lita. Yakifika 30 yanashika 7.6, wakati samaki mwenye joto anahitaji zaidi. Januari na Februari sebule isiyo na kiyoyozi hapa inapika. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji hushusha digrii moja au mbili kwa kuyakausha, kisha unajaziliza yaliyopungua kwa maji laini, kwa kuwa kinachokauka ni maji tu, chokaa inabaki. Walio Arusha, Mbeya au Nairobi wana shida kinyume chake, na kuanzia Juni watahitaji hita.

Moto na sufuria

Sasa mimea. Mmea wa majini unataka vitu vitatu: mwanga, hewa ukaa na chakula, yaani nitrojeni, fosforasi, potasiamu, chuma na wenzao. Watu husoma orodha hiyo wakadhani ni ya kujaza kila kimoja kwa wingi. Fikiria jiko. Mwanga ni moto. Hewa ukaa na chakula ndivyo vilivyomo sufuriani. Ukichochea moto bila kuongeza kitu sufuriani, chakula hakiivi haraka zaidi. Kinaungua.

Kinachopungua kwanza karibu kila mara ni hewa ukaa. Gesi husambaa majini polepole mara 10,000 hivi kuliko inavyosambaa hewani, na kila jani limezungukwa na utando mwembamba wa maji yaliyotulia, hewa ukaa inaupenya kwa shida. Mmea wa bustanini unapepewa na upepo bure. Wa kwenye tangi unasubiri. Ukiwasha taa kali kwa saa 12, mmea unatumia hewa ukaa iliyopo asubuhi tu, halafu mchana kutwa umekaa kwenye mwanga bila malighafi. Mwani, ule utando unaoota kwenye vioo na majani, hauna shida hiyo. Unahitaji kidogo, unakua haraka, na mwanga uliobaki ni wake.

Wapo wanaoongeza hewa ukaa kwa mtungi wa gesi, na matangi yao hupendeza hasa. Kwa tangi la kwanza nakataa. Mtungi na vifaa vyake ni pesa, na kosa moja la usiku, gesi ikatoka kwa wingi wakati mimea imelala, linaua samaki wote kabla ya asubuhi. Punguza moto badala ya kuongeza mboga. Kwa tangi la sentimita 60, taa ya LED ya wati 10 hadi 15 inatosha, na balbu ya kawaida yenye maandishi 6500K kwenye boksi inafanya kazi. Iwashe saa sita kwa siku mwezi wa kwanza, ukiweza kwa soketi yenye saa, maana mkono wa binadamu husahau. Mimea ikishika kasi, ongeza hadi nane. Usiliweke tangi dirishani. Jua la moja kwa moja ni moto usio na kitasa, na ndani ya wiki maji yatakuwa ya kijani kama supu ya mlenda.

Utando wa kahawia wa wiki za mwanzo usikutishe. Hufutika kwa kitambaa na mara nyingi hukoma wenyewe tangi likikomaa. Wa kijani na ule wa nyuzi ndio ujumbe: ama taa inakaa sana, ama mimea ni michache mno kwa mwanga ulioupa, ama unalisha kupita kiasi.

Upungufu wa chakula unasomeka kwenye majani, ukijua kuuliza swali moja: jani linaloumwa ni la zamani au jipya? Nitrojeni na potasiamu mmea unaweza kuvihamisha, kwa hiyo vikipungua unawanyang'anya wazee kuwapa watoto. Majani ya chini yanageuka njano au kutoboka vitundu. Chuma hakihamishiki kirahisi, hivyo kikikosekana ni majani machanga ya juu yanayotoka meupe huku ya zamani ni kijani kabisa. Mbolea ya kutia ni ile ya mimea ya tangi. Rafiki yangu mmoja alipiga hesabu akaona urea ya shambani ni rahisi mara kumi. Urea majini hugeuka amonia, na mbolea ya CAN inayo tayari. Hesabu yake ilikuwa sahihi, msiba ulikuwa wa samaki.

Mimea isiyodeka

Wa kwanza ni Anubias, wa mito ya Afrika Magharibi na Kati, mwenye majani magumu ya kijani kilichokolea. Anakua taratibu, anapenda kivuli, na wanaokula mimea humwacha. Ana shina nene linalolala na kutoa mizizi chini, majani juu. Shina hilo usilizike mchangani, litaoza. Lifunge kwenye jiwe kwa uzi mweusi wa kushonea, mizunguko mitatu minne isiyobana, na baada ya miezi michache mizizi itakuwa imeshika jiwe yenyewe. Anayemuua Anubias karibu kila mara amemzika.

Wa pili ni Vallisneria, ule ule wa Warington, ambao uko pia Ziwa Tanganyika. Huu unataka mchanga na unavumilia maji magumu. Panda mizizi tu, shingo nyeupe ibaki juu. Utatuma vijiti chini ya mchanga na kuzaa watoto hadi kona ya pili. Wa tatu ni Ceratophyllum demersum, unaofanana na mkia wa paka uliolowa. Hauna mizizi kabisa. Unautupia tu unaelea, na kwa sababu unakua mbio unanyonya amonia kuliko wote. Mimea mingi hupendelea amonia kuliko nitrati, kwa kuwa nitrati inabidi kwanza igeuzwe kwa gharama, kwa hiyo rundo la Ceratophyllum tangu siku ya kwanza ni shimo la pili la choo. Jaza tangi mimea mingi mwanzoni, hata ikikuumiza mfuko. Kununua mashina matatu na kusubiri yajae ni kualika mwani.

Usishangae mimea ikipukutika wiki ya pili. Mingi hukuzwa kitaluni majani yakiwa nje ya maji, na majani ya hewani hayafai majini. Mmea unayaacha na kutoa mapya. Cryptocoryne, mmea mwingine wa matangi, hasa hufanya tamthilia: unaweza kuyeyuka wote ukabaki mizizi. Kata yaliyooza, acha mizizi, ngoja.

Najua utatazama bwawa la jirani na kuona mimea ya bure, Ceratophyllum ikiwemo. Kabla hujakunja suruali, kumbuka kichocho. Vijidudu vyake huingia kwa kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini, na konokono wa maji baridi ndio wanaowabeba. Usiingie. Ukipewa mimea ya bwawani, ioshe kwa glavu, toa konokono na mayai yao yanayofanana na kipande cha jeli, na itenge kwenye ndoo yenye maji safi siku kadhaa ukiyabadilisha na kuwatoa konokono wanaojitokeza. Mimi siku hizi naomba vipandikizi kwenye matangi ya wenzangu, nalipa kwa soda.

Siku ya kujaza

Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 35 fundi wa vioo na alumini atakutengenezea. Mwambie silikoni iwe tupu, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ikiwa mbichi nyingi hunuka kama siki. Liache wiki moja likauke, kisha lijaze maji nje, juu ya gazeti kavu, usiku mmoja. Gazeti litakuambia kama linavuja. Likijaa mchanga na maji litakaribia kilo 80, sawa na mtu mzima aliyekaa juu ya meza yako usiku na mchana, kwa hiyo kimeza cha televisheni kilichopinda katikati hakifai. Chini ya tangi tandika kipande chembamba cha sponji.

Mchanga uwe wa mto. Wa pwani umejaa vipande vya kombe, na kombe ni chokaa inayoyeyuka ndani polepole. Ukiwa na shaka, weka kijiko cha mchanga kwenye kisosi, kamulia ndimu, sogeza sikio. Ukitoa mchemko kama soda iliyofunguliwa, una chokaa. Ukikaa kimya, uoshe. Hapa ndipo mikono inapochoka: ndoo baada ya ndoo, unakoroga na kumwaga, mpaka maji yatoke safi. Mimi ilinichukua ndoo kumi na moja. Tandaza sentimita sita, nyuma juu zaidi kuliko mbele, na pale Vallisneria itakapokaa zika vidonge vya mbolea ya mizizi, kwa maana mchanga mtupu hauna chakula.

Weka sahani juu ya mchanga, mimina maji juu ya sahani taratibu. Yakifika theluthi, panda. Kupanda kwenye mchanga uliolowa ni rahisi kuliko mkavu, na majani yanajinyoosha yenyewe. Kisha jaza.

Filta ya sponji inayosukumwa na pampu ya hewa ni ya bei ndogo na haina cha kuharibika. Ila pampu ikae juu kuliko uso wa maji, au mpira wake uwe na vali ya kuzuia maji kurudi. Yangu ilikuwa sakafuni. Umeme ulikatika usiku, pampu ikanyamaza, maji yakashuka kwenye mpira kama petroli inavyonyonywa kwenye tangi la gari, na alfajiri niliamka nikakanyaga zulia lililolowa. Umeme ukikatika saa chache tangi lenye mimea na samaki wachache haliathiriki sana. Ukikatika usiku wa joto, kumbuka mimea nayo gizani inatumia oksijeni. Chota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, dakika chache kila baada ya muda. Wengi sasa wana pampu ndogo inayochomekwa kwenye pawabenki.

Wageni

Vipimo vikisoma sifuri, leta samaki, lakini wachache. Gapi sita, wote madume, ndiyo ushauri wangu. Jike mmoja anatosha kukuharibia hesabu, kwa kuwa anaweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi na kuendelea kuzaa peke yake. Acha mfuko wao uelee juu ya maji dakika 20 joto lilingane, tia kikombe cha maji ya tangi mfukoni mara tatu nne, kisha wavue kwa kijavu bila kumimina maji ya duka ndani. Wiki mbili baadaye, kama bado ni sifuri, ongeza wengine.

Sato wadogo uliowapata kwa mfugaji wasiingie humu. Watafukua kila kitu. Samaki wa dhahabu atageuza mimea laini kuwa saladi. Mbuna wa Ziwa Nyasa ni fahari yetu, lakini kwao ni mawe, na wengi wao hula utando na majani bila kuomba. Huwa namfikiria zaidi Nothobranchius guentheri wa Unguja, samaki mwekundu na buluu anayeishi kwenye madimbwi ya mvua, anayekufa dimbwi likikauka na kuacha mayai kwenye tope yangoje msimu ujao. Huyo ni wa tangi la pili, ukishajua kusubiri.

Lisha kinachoisha ndani ya dakika moja, mara moja kwa siku. Kila wiki toa robo ya maji kwa mpira, rudisha yaliyolazwa. Sponji ikijaa, ikamue ndani ya hayo maji machafu uliyoyatoa, kamwe si bombani. Rejea habari ya klorini. Na anayepuliza dawa ya mbu chumbani azime kwanza pampu ya hewa na kulifunika tangi kwa kitambaa kilicholowa, maana pampu huvuta hewa ya chumba na kuipeleka moja kwa moja majini.

Mwezi wa tatu tangu ulijaze tangi, taa ikiwa imewaka kwa muda wa saa nne hivi, sogeza uso karibu na kioo. Ikiwa mambo yameshika, utaona vishanga vya hewa vimejipanga ukingoni mwa jani la Vallisneria, vidogo kuliko kichwa cha pini. Kimoja kinavimba, kinatingishika, kinaachia na kupanda juu, na nyuma yake kingine kimeshaanza. Ni oksijeni, maji yanayozunguka jani yamejaa hayawezi kubeba zaidi.

Muda si mrefu utaanza kupunguza mimea kwa mkasi, ndoo nzima kila mwezi. Usiitupe mtaroni wala kwenye kijito. Gugumaji lilitoka Amerika Kusini likasambazwa duniani kama ua la kupamba mabwawa, na mwishoni mwa miaka ya 1990 lilikuwa limefunika maelfu ya hekta za Ziwa Victoria, mitumbwi ya Kisumu imekwama ndani yake. Mabaki yangu nayaanika juani mpaka yakauke, halafu nayazika kwenye vyungu vya maua vya mama mwenye nyumba, ambaye tangu hapo hajauliza tena kuhusu harufu.